Jina Moja, Mahali Pawili: Mafunzo Kutoka Nchi ya Chai



Mama na baba, ndugu zangu katika imani, fikirini jambo hili. Simu inalia usiku katika nyumba moja ya Mombasa. Jamaa aliyekuwa mwalimu huko bara amefariki dunia, na mazishi ni kesho baada ya Sala ya Adhuhuri, kwa kuwa sunna ni kuharakisha maiti. Mwenye kupiga simu ametaja mahali, “Sigor”, kisha laini ikakatika. Wanaume wanakodi gari, wanasoma dua ya safari na kuondoka. Wakifika Nairobi itawabidi waamue. Je, washike njia ya Narok waende Bomet, au wapite Nakuru na Eldoret mpaka Kitale, kisha waingie Pokot Magharibi? Sigor ziko mbili. Moja iko Chepalungu, katika Kaunti ya Bomet. Ya pili iko chini ya milima ya Cherang’any, karibu na mto Weiwei, katika Kaunti ya Pokot Magharibi. Baina yao ni zaidi ya kilomita 200. Mwenye kukosea njia hatawahi hata kushika udongo wa kaburi.

Mfano huu nimeubuni, lakini Sigor mbili hazikubuniwa. Na familia zetu za Mwambao zina watoto, waume na ndugu wengi bara leo. Wako wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Kabianga, Kericho, wako walimu, wauguzi na wafanyabiashara. Wako pia mabinti zetu walioolewa huko, na wenyeji wa huko waliosilimu na kuwa jamaa zetu. Basi si jambo la upuuzi kuuliza kwa nini mahali pawili huitwa kwa jina moja, na Muislamu afanye nini ili jina limfikishe anakokwenda.

Majina yanayozungumza

Kericho na Bomet ni nchi ya Wakipsigis, na lugha yao ni moja katika lugha za Wakalenjin. Anayesikiliza majina ya miji yao atagundua upesi kwamba mengi huanza kwa “Kap”: Kapkatet, Kaplong, Kapsoit, Kapkoros. Neno hilo lina maana ya kwao au nyumbani kwa fulani. Sisi wa pwani tunalielewa bila taabu, maana nasi tuna Kwa Jomvu na Kwa Bulo. Mtu alijenga au kitu fulani kilikuwepo, majirani wakaanza kusema “kwa fulani”, na jina likabaki baada ya mwenyewe kuondoka. Na kwa kuwa watu hufanana majina, na miti na mito hufanana sifa, mahali pawili mbalimbali panaweza kuitwa vivyo hivyo bila ya yeyote kumwiga mwenziwe.

Majina mengine husema juu ya ardhi. Kwa Wakalenjin, nyanda za juu zenye baridi huitwa “mosop”, na nyanda za chini zenye joto huitwa “soi” au “soin”. Kwa hiyo kuna Soin upande wa Kericho kunakoteremka kuelekea Nyando, na kuna kata ya Soin katika Rongai, Kaunti ya Nakuru. Rongai hiyo hiyo ina kata iitwayo Mosop, na Mosop ni jina la eneo la bunge katika Kaunti ya Nandi. Ni sawa na sisi tunaposema Bondeni. Kuna Bondeni Mombasa na kuna Bondeni Nakuru, na hakuna aliyeiba jina la mwenziwe, kwa sababu kila penye bonde pana haki ya kuitwa bondeni.

Miti nayo imezaa majina. Mwerezi huitwa “tarakwet” kwa Kikalenjin. Kutokana na mti huo kuna Tarakwa katika Uasin Gishu na Kaptarakwa katika Elgeyo Marakwet, na Bomet kuna kata ya Mutarakwa. Masikio ya mgeni huyachanganya yote matatu. Nasi tumefanya vivyo hivyo kwa mwembe: Mombasa ina Mwembe Tayari na Zanzibar ina Mwembe Kisonge, na aliyetajiwa “mwembeni” tu hana budi kuuliza mwembe gani.

Liko pia jina Kapkoros, ambalo wakazi wengi wa Bomet hulijua kwa kiwanda cha chai cha wakulima wadogo. Asili yake ni mahali pa ibada ya jadi, ambapo watu wa zamani walikusanyika na kumwomba Muumba kabla ya dini za kuja kufika huko. Jamii nyingi za eneo zilikuwa na mahali pa namna hiyo, kila moja na pake, na kwa hiyo jina la aina hii haliwezi kuwa mali ya kijiji kimoja. Sisi tutaabudu kwa namna tuliyofundishwa na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, lakini si vibaya kujua kwamba watu hawa walikuwa na ada ya kukusanyika kwa maombi. Hilo humsaidia mwenye kuwalingania awaendee kwa heshima.

Hata majina ya watu wao yana mpango. “Kip” huashiria mwanamume na “Chep” huashiria mwanamke. Mvulana aliyezaliwa alfajiri ni Kipkoech na msichana ni Chepkoech. Aliyezaliwa ng’ombe wanapotoka kwenda malishoni ni Kipng’etich au Chepng’etich. Darasa moja linaweza kuwa na Chepkoech wanne, na mwalimu huwatambua kwa majina ya baba zao. Mama zetu wanalijua hilo vizuri, maana madrasa gani ya Mwambao haina Fatma watano na Mohamed kumi?

Chai inayobeba majina hadi bandarini

Msomaji atasema kwamba hayo ni mambo ya bara. Lakini majina ya bara yanashuka Mombasa kila wiki ndani ya mifuko ya chai. Mnada wa chai ulianzia Nairobi katika miaka ya 1950 na ukahamia Mombasa mwaka 1969. Hapo huuzwa chai ya Kenya na ya nchi jirani kama Uganda, Rwanda na Burundi. Maghala yamejaa Shimanzi na Changamwe, na nyumba nyingi za mji huu zimelishwa na kazi ya kupakua, kupanga, kuonja na kusafirisha chai.

Katika biashara hiyo jina ni amana. Kila kiwanda kina chapa yake, na mnunuzi aliye mbali hununua kwa kuiamini chapa hiyo. Litein, Tegat, Momul, Toror, Kapset, Mogogosiek, Tirgaga na Kapkoros ni majina ya viwanda vya wakulima wadogo wa Kericho na Bomet, na kila moja husimama kwa jasho la maelfu ya wachumaji na wakulima. Mfuko wa kiwanda kimoja ukiandikwa jina la kingine, mkulima wa huku atalipwa kwa ubora wa mwenziwe, na wa kule atadhulumiwa. Dini yetu imekataza kupunja katika vipimo na mizani, na kuchanganya majina katika biashara ni mlango wa upunjaji huo huo.

Mfano mzuri ni Kapchorua. Katika Nandi, jirani na nchi ya Kericho, kuna kampuni ya chai yenye jina hilo, na hisa zake huuzwa katika soko la hisa la Nairobi. Ukivuka mpaka kuingia Uganda, kwenye mlima Elgon kwa Wasabiny, utakuta mji wa Kapchorwa. Herufi moja tu imebadilika, na asili ni moja: “chorwa” ni rafiki, na mahali ni nyumbani kwa rafiki. Wasabiny ni ndugu wa Wakalenjin wa Kenya kwa lugha. Wakoloni walipochora mpaka, ukoo mmoja ukabaki na nchi mbili, na jina likabaki pande zote kama ushahidi wa udugu.

Hata jina Kericho lenyewe limebeba zaidi ya mahali pamoja. Wapo wanaosimulia kwamba lilitokana na mganga wa Kikipsigis, maana “kerich” ni dawa, na wapo wanaolihusisha na Mmasai aliyeitwa Ole Kericho. Lakini kwa matumizi ya nyumbani jambo muhimu ni hili: Wilaya ya Bomet ilikatwa kutoka Wilaya ya Kericho mwaka 1992. Mtu mzima aliyezaliwa Sotik au Longisa kabla ya hapo anaweza kuwa na hati inayosema Kericho, ilhali kwao leo ni Kaunti ya Bomet. Anayefuatilia urithi, cheti cha kuzaliwa au asili ya mchumba asilisahau hilo, asije akamdhania mtu kuwa mwongo, kumbe aliyebadilika ni mpaka.

Jina la heshima na jina la dharau

Reli ya Uganda ilipopanda kuelekea Kisumu, ambako ilifika mwaka 1901, kituo kimoja katika nchi ya Wakipsigis kiliitwa Lumbwa. Serikali ya kikoloni ikawaita Wakipsigis wote kwa jina hilo hilo. Lakini wenyewe hawakujiita hivyo. Ni neno la Wamasai, walilolitumia kwa jamii mbalimbali za watu wanaolima, na ndani yake kulikuwa na dharau ya mfugaji kwa mwenye jembe. Kwa hiyo jina moja liliwafunika watu wasiohusiana, na tena liliwafunika kwa kejeli. Baadaye jina hilo likaachwa, na mji ukaitwa Kipkelion, jina la lugha ya wenyeji.

Muislamu akisikia kisa hiki atakumbuka mambo mawili. La kwanza ni kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipohamia Yathrib, mji ule ulipata jina jipya, ukawa Madina, na akauita pia Taiba, mji mzuri. Alikuwa akibadilisha majina mabaya kwa mazuri. La pili ni Sura ya Al-Hujurat. Aya yake ya 11 inakataza kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya, na aya ya 13 inaeleza kwamba Mwenyezi Mungu ametujaalia kuwa mataifa na makabila ili tupate kujuana. Aya hizo mbili ziko karibu. Hakuna kujuana panapokuwa na dharau, na mwenye kutaka kumjua jirani yake huanza kwa kumwita jina analolipenda.

Liko pia jina lililotokana na biashara. Nje ya mji wa Kericho, kwenye barabara ya Nakuru, kuna kituo kiitwacho Brooke. Kimeitwa hivyo kwa sababu ya kampuni ya Brooke Bond, iliyoingia katika kilimo cha chai cha Kericho katika miaka ya 1920. Mashamba yale yamebadilisha wenyewe zaidi ya mara moja, lakini makondakta wa matatu wanaendelea kuita Brooke. Jina la mahali hudumu kuliko mkataba wa mwenye shamba.

Ulimwengu mzima uko hivyo

Wala msidhani kwamba jambo hili ni letu peke yetu. Nchini Urusi, katika mkoa wa Chelyabinsk karibu na mpaka wa Kazakhstan, kuna kijiji kiitwacho Parizh, yaani Paris. Katika mkoa huo huo kuna Berlin, Leipzig na Varna. Vijiji hivyo vilipewa majina katika miaka ya 1840 kukumbuka mahali ambapo majeshi ya Kirusi yalipigana. Mwaka 2005 wakazi wa Parizh walijengewa mnara wa simu wenye umbo la ule mnara maarufu wa Ufaransa. Varna, iliyokuwa mikononi mwa Dola ya Uthmaniya, ilizingirwa na Warusi mwaka 1828. Kwa hiyo mtoto wa kijiji kile analitamka kila siku jina la vita asivyoviona.

Hapo pana tofauti ya kutafakari. Majina ya vijiji vile yaliletwa kwa amri na kumbukumbu ya upanga. Soin, Mosop na Kapchorwa zilifanana kwa sababu watu wa lugha moja waliitazama ardhi kwa jicho moja. Njia zote mbili huzaa majina pacha, lakini ya kwanza hukumbusha nani alimshinda nani, na ya pili hukumbusha nani ni ndugu ya nani.

Na Mwambao wetu je? Kuna mji wa Malindi katika Kenya, na mtaa wa Malindi katika Mji Mkongwe wa Zanzibar. Kuna Shela ya Lamu na Shela ya Malindi. Kuna Kisauni ya Mombasa na Kisauni ya Unguja ulikojengwa uwanja wa ndege. Majengo ndiyo usihesabu: iko Mombasa, iko Nairobi, iko Nyeri, iko Vihiga. Katika nchi za Waislamu, Tripoli ya Libya huitwa Tarabulus ya Magharibi ili isichanganywe na Tarabulus ya Sham iliyoko Lebanon.

Wanazuoni walifanyaje?

Wanazuoni wetu waliliona tatizo hili mapema na hawakulidharau. Katika elimu ya Hadithi, kumchanganya mpokezi mwaminifu na mpokezi dhaifu kwa sababu wanafanana majina ni hatari kwa dini. Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463 Hijria, aliandika kitabu maalumu kuhusu wapokezi wanaolingana majina ilhali ni watu tofauti. Katika mifano inayotajwa na wataalamu wa fani hiyo ni jina Al-Khalil bin Ahmad, ambalo walilibeba watu sita.

Kwa upande wa miji, tunaye Yaqut al-Hamawi. Alitekwa utotoni katika nchi ya Warumi, akauzwa Baghdad kwa mfanyabiashara aliyemsomesha, na baadaye akawa huru. Hata nisba yake ya Al-Hamawi aliipata kwa bwana wake. Mwaka 615 Hijria, akiwa Marw, aliulizwa kuhusu Hubasha, soko la Waarabu wa kale, na mtu mmoja akambishia namna ya kulitamka jina hilo. Mabishano hayo ndiyo yaliyomsukuma kuandika kamusi yake kubwa ya miji, Mu’jam al-Buldan. Kisha akatunga kitabu kingine juu ya mahali panaposhirikiana jina na kutofautiana pahali. Tazameni: mtu aliyepokonywa kwao akiwa mtoto, akaishi kwa nisba ya mji usiokuwa wake, ndiye aliyewasaidia wengine wajue kila mahali ni wapi hasa. Alifariki Halab mwaka 1229 Miladia.

Njia yao wote ilikuwa moja: jina lisiachwe pekee. Mtu aliongezewa jina la baba, la babu, na nisba ya mji. Mji uliongezewa jimbo, na matamshi yake yakaelezwa herufi kwa herufi.

Nyumbani kwetu

Sasa tuyalete mambo haya jikoni na sebuleni, ambako mama ndiye mwenye daftari la simu za jamaa. Yako matano ya kufanya.

Kwanza, kila mtoto aliye bara aandikwe kwa mahali pake kamili: kituo, kata, kaunti, na mji mkubwa ulio karibu. “Sigor” haitoshi, “Sigor ya Chepalungu, Bomet” inatosha. Ongezeni jina la msikiti ulio karibu naye, na nambari ya simu ya mtu mmoja mwaminifu wa hapo.

Pili, kwa barua na vifurushi, tumieni nambari ya posta pamoja na jina. Kericho ni 20200 na Bomet ni 20400. Nambari hazifanani hata majina yakifanana.

Tatu, inapokuja posa, ulizeni bila haya. Mchumba akisema kwao ni Soin, ulizeni Soin ya wapi, kwa nani, na imamu gani anamfahamu. Wazee wetu walikuwa hawatoi jibu la posa kabla ya kutuma mtu akaulizie, na aliyetumwa mahali pasipo pake huleta habari za mtu mwingine. Binti akaolewa kwa sifa za asiyekuwa mumewe, au kijana mwema akakataliwa kwa makosa ya jina mwenza wake. Zote mbili ni dhuluma, na mwenye kuulizia atakuwa na fungu katika dhambi yake kama hakuhakikisha. Aya ya 6 ya Sura hiyo hiyo ya Al-Hujurat inatuamuru tuthibitishe habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua.

Nne, wasafiri wamwambie dereva kaunti, wasitaje jina la kituo peke yake. Na aliyeko nyumbani aandikiwe njia watakayopita kabla gari halijaondoka.

Tano, wafundisheni watoto maana ya majina. Mtoto akijua kwamba Mosop ni nyanda za juu na kwamba Kap ni kwao fulani, hatayacheka majina ya wenziwe wa bara. Atayaona kuwa ni lugha yenye akili, kama ilivyo lugha yake. Na mgeni wa kutoka Bomet akija Mombasa, naye atastahili kuelezwa kwa upole Majengo ya wapi na Kisauni ya wapi, badala ya kuchekwa stendi.

Ndugu zangu, Siku ya Kiyama kila mtu ataitwa, na Mola wetu hamchanganyi mja na mja mwingine hata majina yao yakilingana. Huyo ndiye Mjuzi wa kila mmoja na mahali pake. Sisi tulio dhaifu inatubidi tuulize, tuandike na tuhakikishe, ili wagonjwa wetu wapate kuzuriwa, maiti wetu wapate kusaliwa, na jirani wa mbali apate kujulikana kwa haki yake.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu walio safarini, bara na pwani, na awakutanishe na watu wema kila wanapokanyaga. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.